Mtunza Chachu

Moto huivisha uji, lakini haufanyi pombe. Kinachoifanya pombe ni chachu, na fundi wa kweli ni yule anayejua kuihamisha chachu hiyo, ikiwa hai, kutoka mtungi huu hadi mwingine. Singida, nchi ya mtama na uwele, ufundi huo umo mikononi mwa akina mama wapika pombe. Wanastahili heshima ileile tunayompa mhunzi au seremala.

Mtazame mama mmoja kazini. Mtama ameuloweka, ameufunika mpaka ukachipua, ameuanika na kuusaga ukawa kimea. Uji umechemka na kuepuliwa. Kipimajoto hana, anachovya kidole, anasubiri, anachovya tena. Ukiwa wa moto sana utaiua chachu. Ukipoa kupita kiasi, chachu itazubaa. Kidole kikiridhika anakoroga kimea, kisha anamimina kata moja ya mashapo mazito aliyoyabakiza katika pombe iliyopita. Anafunika. Kesho yake anainama na kutega sikio: mtungi unavuma, povu linapanda na kupasuka. Mashapo yameamka.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaojitengenezea bia nyumbani nao wana namna yao. Hutafuta bia ya chupa iliyofungwa na chachu yake hai, hunywa ya juu taratibu, huacha tope la chini, kisha hulilisha maji ya kimea yaliyopoa mpaka lizaliane. Lakini bia nyingi za chupa zinazouzwa madukani huchujwa na kupashwa moto ili zikae muda mrefu, kwa hiyo chini ya chupa hizo hakuna cha kuvuna. Hazina yetu sisi imo mtungini.

Hazina hiyo sayansi inaijua. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alitenga chachu kutoka katika pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, ikaitwa Schizosaccharomyces pombe. Baadaye ikawa nguzo ya utafiti wa jinsi seli zinavyogawanyika, na Paul Nurse, aliyeichunguza kwa miaka mingi, akawa mmoja wa watu watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2001. Lindner alipoikuta, ilikuwa imekwisha kulelewa mitungini na wapika pombe wasiotajwa popote katika sifa hizo.

Hamira ya dukani inachachusha haraka, wala simlaumu anayeitumia. Ila anayeitegemea hiyo peke yake hatajifunza kusikiliza mtungi. Kijana unayetaka kuijua kazi hii, nenda kwa mama anayeijua, umsaidie kuchota maji na kukoroga uji, umuulize. Akikupa kata ya mashapo, usichelewe kupika: chachu isiyolishwa hufa.