Heko kwa Waundaji wa Gitaa

Heko kwa mafundi wanaounda gitaa nyumbani, kwenye chumba cha uani chenye meza, randa na patasi. Kiwandani mashine hukata kila ubao kwa kipimo kilekile. Fundi wa nyumbani huuinua ubao wa juu wa sprusi karibu na sikio, akaugonga kwa kidole, akasikiliza, kisha akarudia kuuranda. Haachi mpaka unene ufikie milimita mbili na nusu hivi na ubao uanze kuitika. Akizidisha, utabonyea kwa mvuto wa nyuzi. Mbavu, yaani pande za gitaa, nazo ni mtihani: ubao mwembamba hulowanishwa, ukakandamizwa taratibu kwenye bomba la moto hadi ujipinde kiuno. Mwenye haraka huupasua.

Mkubwa wao ni Antonio de Torres wa Almería, Hispania, aliyefariki 1892. Mwaka 1862 aliunda gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, kuonyesha kwamba sauti hasa hutoka kwenye ubao wa juu. Gitaa hilo lipo hadi leo, katika makumbusho ya muziki ya Barcelona. Sijui hoja ya ufundi iliyo wazi kuliko hiyo!

Hata hivyo mgongo haudharauliwi. Wapo wanaoutengeneza kwa mpingo, mti unaokua polepole mno na kuifanya patasi butu upesi. Baadhi ya vijiji vya Kilwa huuvuna kwa mpango katika misitu yao wenyewe, na fundi anayeulizia mbao zake zimetoka wapi anastahili pongezi ya pili.