Chemba Tupu

Tunduma ni mji wa fedha taslimu. Malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde hujipanga kuelekea Mpemba, na pembezoni mwake wamo wabadilisha fedha wenye mabunda ya kwacha, wenye maghala ya mahindi, wenye vituo vya mafuta. Katika mji wa namna hii haishangazi mtu kumiliki bastola kihalali, kwa kibali, chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Siisifu bastola. Ninachokisifu ni ufundi wake mdogo ambao hauimbwi na mtu: kuifungua, kuisafisha na kuifunga tena pasipo mtu kuumia.

Ufundi huu una ajabu yake. Fundi baiskeli huanza na spana. Mwenye bastola huanza kwa kuthibitisha kwamba hakuna kitu. Mdomo wa mtutu ukiwa umeelekezwa pasipo na mtu, na kidole kikiwa mbali na kifyatulio, magazini hutolewa kwanza. Ndipo slaidi huvutwa nyuma na kuzuiwa huko, chemba ikachunguliwa mwangani, kisha ncha ya kidole ikaingia kuhakiki kile ambacho jicho limedai kukiona. Mpangilio huo haugeuzwi. Anayevuta slaidi magazini ikiwa bado ndani huirusha nje risasi iliyokuwa kwenye chemba. Akiiachia slaidi irudi, nyingine husukumwa na kukaa palepale. Baadaye atatoa magazini, ataiona ile risasi moja mezani, na moyo wake utatulia kabisa. Hapo ndipo huzaliwa ile kauli ya "nilikuwa naisafisha tu". Tena zipo bastola ambazo hazifunguki mpaka kifyatulio kibonyezwe kwanza. Kwa hizo, aliyekosea kuhakiki hapewi nafasi ya pili.

Risasi zote huhamishiwa chumba kingine. Si kabatini, si kwenye droo ya meza ileile.

Vijana waliopita JKT, wakiwemo wa Itaka kule Mbozi, hupenda kusimulia mashindano ya kufungua na kufunga silaha kwa kasi. Sawa, askari ana sababu zake. Nyumbani kasi haina kazi, na mimi humwamini zaidi anayehakiki chemba mara mbili kwa sababu simu iliita katikati.

Kinachofuata ni rahisi, na urahisi wenyewe una historia. Bastola nyingi za leo hufunguka kwa mpango mmoja: slaidi, mtutu, springi na fimbo yake, na fremu. Mpango huo una deni kubwa kwa John Browning, Mmarekani wa Ogden, Utah, aliyefariki mwaka 1926 nchini Ubelgiji akiwa kazini kwenye kiwanda cha FN. Bastola aliyoiacha njiani ilikamilishwa na Dieudonné Saive, ikatoka mwaka 1935. Hekima ya mpango huo naiona katika mpaka wake. Mwenye silaha amefunguliwa mlango wa vipande vichache, vinavyotoka kwa mkono mtupu. Ng'ambo ya hapo kuna pini nyembamba na springi ndogo za kifyatulio, na huko si kwake.

Mkoa wa Songwe hukipa chuma maadui wawili. Kuanzia Novemba nyanda za Mbozi hulowa, na unyevu huingia mpaka ndani ya kabati. Kiangazi vumbi la Tunduma hutanda kila mahali. Kimondo cha Mbozi, kilicholala mlimani Marengi na ambacho sehemu yake kubwa ni chuma, kimevumilia mvua za vizazi, kikisaidiwa na nikeli iliyomo ndani yake. Wanyiha, waliowahi kuyeyusha chuma chao wenyewe katika nchi hii, wangekuambia kwamba chuma cha kawaida hakina bahati hiyo. Jasho la kiganja lina chumvi, na kutu haihitaji mwaliko.

Basi brashi hupitishwa ndani ya mtutu, ikianzia upande wa chemba panapowezekana, tambara hufuata mpaka litoke safi, kisha mafuta. Hapa wengi huharibu kwa upendo. Tone moja moja kwenye reli za slaidi na pale mtutu unaposuguana na chuma kingine latosha. Mafuta yakizidi hushika vumbi, yakawa tope linalosaga chuma. Bastola inayochuruzika mafuta haijatunzwa.

Kufunga ni kurudi kinyumenyume, bila kulazimisha. Springi imebanwa na ina hasira, kwa hiyo uso hukaa kando. Slaidi ikigoma, kuna kitu hakijakaa mahali pake, na nyundo haina jibu la swali hilo. Vikishakaa vyote, chemba huhakikiwa upya, maana bastola iliyofungwa ni silaha tena. Slaidi huvutwa na kuachiwa mara kadhaa. Mtutu ukielekezwa pasipo na mtu, kifyatulio hubonyezwa ili mlio wake usikike. Kifaa cha usalama, kama kipo, hujaribiwa kama kweli kinakizuia kifyatulio. Kikishindwa chochote kati ya hivyo, haifunguliwi zaidi, wala haitiwi risasi kwa kujaribu. Huenda kwa fundi silaha mwenye leseni, ikiwa tupu, magazini kando, na kibali mfukoni.