Mililita Moja, Kisha Ngoja
Mashua ikitia nanga Lamu, paka huwahi gatini kabla ya wachuuzi. Kwa hiyo yule dume wa kijivu wa nyumbani kwa khalati yangu alipowekewa kichwa cha tafi, akakinusa na kugeuza uso, khalati hakusema kama sisi wengine kwamba atakula njaa ikimshika. Aliketi naye dakani akamtazama.

Nilidhani atamfumbua mdomo amshindilie chakula. Wapi! Aliivuta ngozi ya katikati ya mabega akaiachia. Paka mwenye maji ya kutosha mwilini, ngozi hiyo hurudi papo hapo. Hii ilirudi polepole kama leso mbichi. Akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba, akatazama ufizi.

"Si manjano," alisema, akashusha pumzi.

Manjano ndiyo anayoiogopa. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa aliyekuwa mnene, mwili huyatoa mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini, nalo likielemewa hujaa mafuta na kushindwa kazi. Njaa yenyewe inageuka kuwa ugonjwa wa pili, pengine mbaya kuliko wa kwanza. Khalati alielezwa haya na daktari wa mifugo zamani, baada ya kumpoteza paka kwa kumsubiri apate hamu. Hajamsubiri paka tena.

Asubuhi ile ile tulimpeleka kwa daktari. Mafua makali, na vidonda ulimini. Akatiwa maji chini ya ngozi, akapewa dawa ya kichefuchefu na ya maumivu, ile ya paka, maana parasetamoli tunayomeza sisi humuua. Kazi iliyobaki ilikuwa ya nyumbani, na hiyo ndiyo ningetamani ungekuwapo uione.

Alianza na pua. Paka hali asichokinusa, na pua hii ilikuwa imezibwa na kamasi iliyokauka. Khalati alichovya pamba katika maji ya vuguvugu, akailainisha mpaka ikabanduka yenyewe, bila kukwangua hata mara moja. Kisha akamgeukia tafi: kachemshwa bila chumvi, bila kitunguu wala saumu, ambavyo ni sumu kwa paka. Miba akaitoa mmoja mmoja kwa ncha za vidole, akaiponda minofu pamoja na supu yake, akaipitisha kwenye chujio la chai mara mbili. Mimi nilipendekeza sukari kidogo, akacheka. Ulimi wa paka hauonji utamu. Kinachomvuta ni harufu, na harufu huamshwa na joto. Akadondosha tone kifundoni mwa mkono, kama mama anayepima maziwa ya mtoto, akangoja hadi asisikie moto wala baridi. Ukifikiri, hilo ndilo joto la panya aliyekamatwa sasa hivi.

Akamviringisha kwa leso, miguu ndani, kichwa nje, akampakata mgongo ukiegemea tumbo lake. Nikainua kidevu cha paka nisaidie, nikapigwa kikofi. Kichwa kikielekezwa juu, chakula huenda mapafuni. Bomba la sindano, lisilo na sindano, aliliingiza pembeni mwa mdomo, nyuma ya chonge, penye uwazi. Mililita moja. Akasita.

Kusita huko ndiko kulikonikalisha pale hadi kahawa yangu ikapoa. Mkono haukusukuma wala haukuondoka. Macho yake yalikuwa kooni mwa paka: limepanda, limeshuka, kameza, kalamba pua. Ndipo mililita ya pili. Kwenye ya sita paka akaanza kudondosha mate na kulamba midomo, na bombani mlikuwa mmebaki kidogo tu. Mimi ningemaliza. Khalati aliliweka chini. Paka akilishwa huku anaona kichefuchefu hukichukia chakula kile kile, na anaweza kukikataa hata akishapona. Tena siku ya kwanza hakusudii kumshibisha. Theluthi ya mahitaji yake inatosha. Akamfuta kidevu, akamwacha ajifiche chini ya kitanda, na baada ya saa mbili akaanza upya.

Yote huyaandika kwenye daftari kuukuu la madeni ya duka: saa, mililita, kama amekojoa, na uzito kwa mizani ya jikoni. Kilo 3.1, 3.0, 3.0.

Si wote wanaopona. Wapo ambao daktari hulazimika kuwapitishia mpira kutoka shingoni hadi umioni ili walishwe kwa huo. Na mwaka juzi alikuwapo jike mmoja, mzee, figo zimekwisha. Siku moja khalati aliliweka bomba kando na hakulichukua tena. Alimlowesha midomo kwa maji, akampakata mpaka alasiri.

Huyu wa kijivu, siku ya sita, khalati angali anachuja supu, alipanda mezani akaiba kichwa cha changu cha wageni. Kilikuwa kimepakwa saumu, akanyang'anywa. Daftarini khalati aliandika saa, uzito, na neno moja: kaiba.