Vidole Elfu vya Candido: Tumba, Jazi na Uhakiki Wetu

Katika semina zetu wimbo wa dansi huletwa ukiwa umekwisha chunwa. Maneno yananakiliwa ubaoni, tunagawana fani na maudhui, tunaokota tashibiha mbili tatu na dhamira ya mapenzi au ujenzi wa taifa, basi, kazi imekwisha. Ngoma imebaki nje ya mlango. Makala hii inakusudia kupinga mazoea hayo, na shahidi wangu ni msanii ambaye sifa yake yote imo mikononi: Candido Camero, mpiga tumba wa Kuba.

Utaniuliza, ndugu msomaji, kwa nini Mkuba, wakati Tanga yote imejaa wapiga tumba? Swali la haki kabisa. Ila hao wetu tumewaandika kidogo mno. Mwimbaji na mpiga solo tunawataja hata usingizini. Mpiga tumba, hadi uulize. Mimi ni mtu wa Kabuku, kwenye barabara ya Chalinze kwenda Segera, kwenye mashamba ya mkonge. Mkonge ulileta manamba kutoka mbali, Wanyamwezi, Waha, Wamakonde, na kila watu walikuja na ngoma zao wakazikuta za Wazigua. Jamhuri Jazz ya Tanga yenyewe ilianza ikiitwa Young Nyamwezi. Na kwetu "jazi" ni bendi ya dansi, hakuna zaidi. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Atomic Jazz: zote zilipigwa ili watu wainuke vitini. Naomba neno hilo ulishike, nitalirudia.

Candido alizaliwa tarehe 22 Aprili 1921 karibu na Havana. Mjomba wake alimfundisha bongo kwa makopo matupu ya maziwa. Baadaye akapiga tres, lile gitaa dogo la Kikuba, na besi, kabla ya kuhamia kwenye tumba. Hili si jambo dogo. Anayetoka kwenye nyuzi huja kwenye ngoma akiwa na sikio la sauti, sio la mdundo tu. Mwaka 1946 alikwenda New York na wachezaji wawili wa dansi, Carmen na Rolando. Onyesho lao lilihitaji ngoma mbili, nafasi ilikuwa ya mpigaji mmoja. Basi akazipiga zote mbili yeye mwenyewe, mkono mmoja ukishikilia mdundo usiobadilika, mwingine ukisema unavyotaka. Ufukara wa jukwaa ukazaa mbinu. Baadaye akaongeza ngoma ya tatu, akazikaza ngozi kwa sauti tofauti hadi zikatoa tuni inayoweza kuimbika.

Hebu tusimame hapo kidogo. Mkono mmoja unashika kiitikio, mwingine unatunga. Wanafunzi wa fasihi simulizi hatuhitaji kufundishwa jambo hilo upya: ni fanani na hadhira yake ndani ya mwili mmoja. Halafu tunaambiwa eti mpiga tumba "anasindikiza". Dizzy Gillespie alimsikia akamtambulisha kwa mpiga piano Billy Taylor, na mwaka 1954 ikarekodiwa sahani inayotaja wanamuziki watatu wa Taylor "pamoja na Candido". Hilo "pamoja na" linaniudhi. Sikiliza sahani yenyewe useme nani anamfuata nani.

Sasa nirudi kwenye neno jazi. Mwaka 1970 Candido alitoa sahani iliyobeba jina lake la sifa, *Thousand Finger Man*, Mtu wa Vidole Elfu. Mwaka 1979, disko ilipopamba moto, alitoa *Dancin' and Prancin'* katika kampuni ya Salsoul. Humo mna "Jingo", aliyoichukua kwa Babatunde Olatunji wa Nigeria, na mna wimbo uleule wa vidole elfu, safari hii juu ya mguu wa disko usiochoka. Wapo wapenzi wa jazi waliouona mwaka huo kama mtu mzima anayejiuza. Mimi nasema hapana. Katika disko mdundo wa chini umekabidhiwa mtu mwingine, kwa hiyo mikono yote miwili iko huru kusema. Kilichoonekana kuwa biashara ni nafasi aliyokuwa hana mwaka 1946. Nakiri sahani nzima si sawasawa, ina vipande vinne na kile cha mwisho sikioni kwangu ni maji ya kunawa. Lakini anayetenga jazi na dansi anaweka ukuta ambao Tanga haukuwahi kujengwa.

Wala mikono hiyo si migeni kwetu. Tumba ina asili katika ngoma za Wakongo waliopelekwa Kuba utumwani, na neno *ngoma* lenyewe limebaki huko. Tangu miaka ya 1930 sahani za GV zikaurudisha muziki huo Afrika, na Salum Abdallah wa Morogoro akaiita bendi yake Cuban Marimba. Bendi zetu hazikuiga mgeni. Zilimtambua ndugu aliyerudi na nguo nyingine. Ndiyo maana Sikinde na Msondo, mitindo ya bendi kubwa za mjini, inaitwa kwa majina ya ngoma.

Mwenzangu mmoja ananiambia ngoma haina maudhui, tuwaachie watu wa muziki. Lakini wimbo wetu wa dansi una nusu mbili, na ile ya pili, maneno yanapopungua na watu wanapojaa uwanjani, ndiyo tunayoikata katika kila tahakiki. Tunahakiki nusu wimbo. Alama tunapewa kamili!

Candido alifariki New York tarehe 7 Novemba 2020, akiwa na miaka 99; mwaka 2008 Marekani ilikuwa imemtunukia heshima yake ya juu ya jazi. Anayetaka kuanza, aanze na ile ya 1954, kisha "Jingo", kisha atafute wimbo wowote wa Jamhuri Jazz, na mara ya kwanza asiandike maneno.