Gramu Chini ya Mia, na Wodi Nzima Inasomeka

Wasomaji wangu, shikeni viti! MinION nimeiona, nimeishika, nimeipakia sampuli kwa mkono wangu, na hadi sasa moyo unanienda mbio. Ni kidude chenye urefu wa sentimita kumi na kidogo, uzito wake haufiki gramu 100, kinachomekwa kwenye kompyuta mpakato kwa waya wa USB, halafu kinasoma vinasaba vya bakteria herufi baada ya herufi huku unatazama. Hakidai chumba chake peke yake wala fundi wa kuletwa kwa ndege kuja kukifunga. Unakichomeka, unapakia sampuli, kazi inaanza.

Najua wapo watakaoguna kwamba jina hili walishalisikia. Kweli, kampuni ya Oxford Nanopore ya Uingereza ilianza kukigawa kwa watumiaji wa mwanzo mwaka 2014. Mwaka uliofuata kilikuwa Guinea kikisoma virusi vya Ebola, na 2016 mwanaanga Kate Rubins alikitumia kusoma DNA akiwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu. Ila siku hizo kilikuwa kikikosea herufi nyingi mno, na mtu anayetaka kujua nani kamwambukiza nani wodini hawezi kufanya kazi na msomaji anayekosea. Kizazi cha sasa cha vitundu vyake vya kusomea DNA, R10.4.1, ndicho kilichonikalisha katika maabara ya mafunzo mchana kutwa bila kukumbuka chakula.

Tulikuwa na sampuli za bakteria Klebsiella pneumoniae, zilizotolewa kwenye friza kwa ajili ya mazoezi. Kama humjui Klebsiella, muulize muuguzi yeyote wa wodi ya watoto wachanga. Anaingia kwenye damu ya mtoto wa siku tatu, na dawa zinapogonga mwamba daktari anabaki na karbapenemu, akiba ya mwisho mwisho. Sasa hata hiyo inashindwa. Katika orodha ya bakteria hatari ambayo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2024, Klebsiella sugu kwa karbapenemu ndiye aliyewekwa juu kabisa. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA kama tunavyouita Tanzania, ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019 pekee, na mzigo mzito zaidi ulikuwa kusini mwa Sahara.

Haya, tuingie ndani ya mashine. Moyo wake ni kibamba kidogo kinachobadilishwa, floseli, chenye utando uliopachikwa vitundu vya protini. Umeme mdogo unapitishwa kwenye vitundu hivyo. Uzi wa DNA unapovutwa kupita, kwa kasi ya herufi takriban 400 kwa sekunde, kila kundi la herufi linautikisa ule umeme kwa namna yake, na programu inatafsiri mtikisiko kuwa A, C, G na T. Njia 512 zinasoma kwa wakati mmoja! Kwenye skrini kila njia ni kimraba, na kinachosoma kinawaka kijani. Nilipoviona vinaanza kuwaka, kimoja huku, kumi kule, kisha ukurasa mzima, nilipiga kelele. Mtaalamu aliyekuwa akitufundisha, mama mwenye miaka mingi kwenye meza za kalcha, yaani za kuoteshea vimelea, hakuinua hata kichwa. “Mwanangu, hapo bado. Hizo ni kelele tu. Subiri mti.”

Mti, Mama? Nikasubiri.

Jenomu ya Klebsiella, yaani DNA yake yote, ina herufi milioni tano na ushei. Maandalizi yenyewe, ukitumia kifurushi cha haraka, huchukua kama saa moja, na unaweza kubandika kila sampuli lebo yake ya DNA ili sampuli 24 zipite pamoja kwenye floseli moja. Majalada yakishatoka unayapakia kwenye Pathogenwatch, tovuti ya bure inayofunguka kwenye kivinjari chochote. Hapo ndipo nilipokoma kuongea. Kwa kila sampuli inakuambia huyu ni Klebsiella wa ukoo gani, amebeba jeni zipi za usugu, dawa zipi hazitamgusa. Kisha inachora mti wa nasaba: sampuli zilizokaribiana zinakaa tawi moja, na zilizoachana zinatupwa mbali. Tofauti za herufi chache kati ya sampuli mbili, tuseme chini ya ishirini hivi, ni ishara kwamba maambukizi hayo yamepeana mkono karibuni. Mamia au maelfu ya tofauti, basi ni wageni wawili waliokutana tu hospitali moja.

Fikiria maana yake. Matokeo ya kawaida ya maabara yatakuambia vitanda vitatu vina Klebsiella sugu kwa dawa zilezile. Sawa, lakini ni mlipuko mmoja au ni sadfa tatu? Karatasi haisemi. Unafunga wodi bure, au unaiacha wazi wakati moto unawaka chini ya mkeka.

Ushahidi wa nguvu ya mti huu unaoninyima usingizi ni wa hospitali ya utafiti ya taasisi za taifa za afya za Marekani, NIH, kule Bethesda, mwaka 2011. Mwezi Juni alihamishiwa hapo mgonjwa kutoka New York akiwa na Klebsiella sugu kwa karbapenemu. Walijua tangu mwanzo, wakamtenga, wakachukua kila hadhari, naye akaruhusiwa kwenda nyumbani. Kimya. Wiki kadhaa zikapita, na mgonjwa mwingine akaibuka, kisha mwingine. Hadi mwisho walikuwa 18, na 11 walifariki, sita kati yao kwa sababu ya bakteria huyo. Je, ni yuleyule wa mgonjwa wa kwanza? Haikuelekea, maana katikati hakuonekana popote. Jenomu zikasomwa, na jibu likaja bila kupepesa macho: ndiye. Alikuwa akisafiri kimyakimya ndani ya watu wasioumwa naye, na mpangilio wa kuambukizana haukufuata mpangilio wa kugunduliwa. Walimkuta hata kwenye mabomba ya sinki, na kwenye mashine ya kupumulia iliyokuwa imeshasafishwa. Uchambuzi huo ulioongozwa na Evan Snitkin na Julie Segre ulichapishwa mwaka 2012, na kwa maoni yangu kila mkurugenzi wa hospitali angepaswa kuusoma kabla ya kukabidhiwa ofisi.

Kisa cha Cambridge, Uingereza, ni kifupi lakini kitamu zaidi kwa mpenda upelelezi. Wodi ya watoto wachanga ilikuwa na MRSA, yule stafilokoka sugu. Wodi ikasafishwa kwa kina. Siku 64 zikapita tangu mtoto wa mwisho aliyekuwa naye kuondoka wodini, kisha akatokea mwingine. Jenomu zikasema ni mlipuko uleule. Sasa bakteria alijificha wapi muda wote huo, kama si kwa mtu anayeingia na kutoka? Wakapimwa wafanyakazi 154, akapatikana mmoja aliyembeba bila kuumwa wala kujua. Akatibiwa. Jamani, kipimo gani kingine kingewaambia hivyo?

Wenzetu wa Marekani na Cambridge walitumia mashine kubwa kuliko hii, zinazosoma vipande vifupi vifupi. Na hapo MinION inanichekesha kwa furaha, kwa sababu yenyewe inasoma nyuzi ndefu, maelfu ya herufi kwa mkupuo, na urefu huo una faida moja ambayo sikuielewa hadi nilipoiona. Jeni nyingi za usugu hazikai kwenye kromosomu ya bakteria. Zinakaa kwenye plasmidi, kiduara cha DNA kinachohama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, hata wa jamii tofauti, kama laini ya simu inavyochomolewa kwenye simu hii na kuwekwa ile. Ukifuatilia bakteria peke yake utaona Klebsiella kitanda cha nne na E. coli kitanda cha tisa, useme hawahusiani. Kumbe plasmidi ni ileile! Vipande vifupi hushindwa kuiunga plasmidi ikiwa nzima, kwa kuwa imejaa sehemu zinazojirudia. Nyuzi ndefu zinaivuka, duara linafunga, na mlipuko uliojificha ndani ya mlipuko unaonekana.

Mti wetu wa mazoezi ulipokamilika, sampuli mbili ambazo kila mmoja wetu alidhani ni ndugu zilianguka matawi tofauti kabisa, na mbili ambazo hakuna aliyezitilia shaka zilikaa bega kwa bega. Mama mtaalamu ndipo akainua kichwa. “Umeona? Macho ya kalcha huwa yanatudanganya hivyo.”

Sasa kasoro, na zipo za kuudhi. Kwanza, kasi inayotangazwa ni ya mashine, si ya mgonjwa. Bado lazima uoteshe vimelea kwanza, na kalcha haiharakishwi na USB yoyote. Ukijumlisha kuotesha, kutoa DNA, kusoma na kuchambua, unazungumzia siku. Pili, floseli hukaa kwenye friji, nyuzijoto 2 hadi 8, na vitundu vyake hufa vikicheleweshwa njiani. Yeyote aliyewahi kusubiri mzigo wa maabara bandarini au uwanja wa ndege wakati karatasi zinazunguka meza kwa meza anajua ninachomaanisha. Tatu, kidude ni kidogo lakini tafsiri ya mtikisiko kuwa herufi inataka kompyuta yenye kadi nzito ya michoro. Kompyuta yangu ya kuandikia makala ingeyeyuka. Nne, na hili mwuzaji hatakutajia kwanza: bakteria wengine hupaka DNA yao alama za kikemikali, na alama hizo huichanganya mashine ikaandika herufi isiyo sahihi mahali palepale kila mara. Unapohesabu tofauti chini ya ishirini, makosa kumi ya bandia yanatosha kuvunja undugu wa kweli. Programu mpya zimepunguza tatizo, ila kwa uamuzi wa kufunga wodi ningetaka mtu mwenye uzoefu aupitie mti kwanza.

Na bei? Kidude chenyewe kiliingia sokoni kwa kifurushi cha kuanzia cha dola kama 1,000, jambo lililowashtua wenye mashine za mamia ya maelfu. Hela inaliwa na floseli na kemikali, mwezi baada ya mwezi. Usikubali kupewa kidude cha msaada bila bajeti ya vinavyoliwa. Kabati zetu zimeshajaa zawadi za namna hiyo.

Wanaodhani hii ni habari ya Ulaya tu wamechelewa. Kilifi, watafiti wa KEMRI-Wellcome wamesoma jenomu za Klebsiella zilizokusanywa kwa muongo mzima katika hospitali ya kaunti, wakachapisha mwaka 2017, na wakakuta koo nyingi mbalimbali badala ya mhalifu mmoja. Moshi, taasisi ya utafiti ya KCRI imekuwa moja ya vituo vya mtandao wa SEQAFRICA wa kusoma jenomu za vimelea sugu kwa ajili ya nchi za Afrika. Mikono tunayo. Kinachokosekana, kwa jicho langu, ni njia fupi kutoka kwenye mti hadi kitandani: nani anapigiwa simu saa nane usiku tawi jipya likichipua, na je, ana mamlaka ya kuhamisha kitanda au anasubiri kikao cha Jumatatu?

Hukumu yangu: hospitali ya rufaa yenye maabara ya kalcha inayofanya kazi kweli, inunue, leo. Isiyo na kalcha ijenge kalcha kwanza, kwani MinION haisomi kisichooteshwa vizuri, na ile ndoto ya kusoma moja kwa moja kutoka kwenye damu ya mtoto bado haijawa kazi ya kila siku. Mimi nimeshaomba niwemo kwenye mazoezi yajayo. Hatutagusa sampuli ya mgonjwa hata mmoja; tutapangusa mabomba ya sinki, vishikio vya vitanda na ndoo za maziwa, tuone nani anaishi humo. Mama mtaalamu ameshaniambia nije na glavu za kutosha, na nipunguze kelele.