Kura 204, Kura 195: Mswada wa Fedha wa 2024 Ulivyopigiwa Kura Bungeni

Alhamisi, Juni 20, 2024, wabunge 204 wa Bunge la Taifa la Kenya waliunga mkono Mswada wa Fedha uliposomwa mara ya pili, na 115 wakaupinga. Jumanne iliyofuata, Juni 25, uliposomwa mara ya tatu, 195 waliunga mkono na 106 wakapinga. Muda mfupi baadaye vijana waliokuwa barabarani walivuka ua wa Bunge, sehemu ya jengo ikashika moto, na risasi zikaua watu nje yake. Ndiyo maana tarehe 25 imekaa vichwani mwa Wakenya. Lakini anayetaka kujua mbunge wake alifanya nini hasa kuhusu ushuru wa mkate, mafuta ya kupikia au nepi hataridhika na matokeo ya siku hiyo. Itambidi arudi kwenye kura ya tarehe 20, kisha apite katikati, mahali ambapo kwa kawaida hakuna jina la mtu linaloandikwa.

Mswada wa Fedha huletwa na serikali kila mwaka kuonyesha ushuru utakaogharamia bajeti inayoanza Julai 1. Huu wa 2024 ulikusudia kuongeza mapato kwa shilingi bilioni 346. Ulibeba VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia, kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, na ushuru wa mazingira ambao ungegusa hata nepi na sodo. Seneti haikuhusika. Mswada ulisomwa mara ya kwanza, ukaenda kwa Kamati ya Fedha na Mipango iliyoongozwa na Kimani Kuria, mbunge wa Molo. Kamati ikasikiliza maoni ya umma, ikaandika ripoti, na Mswada ukarudi ukumbini.

Hapa ndipo wengi wetu hupotea njia. Kura ya kusomwa mara ya pili haihusu kipengele hiki wala kile. Bunge huulizwa swali moja tu: je, Mswada huu, kwa misingi yake, uendelee? Likikataa, Mswada umeishia hapo. Likikubali, vipengele vinasubiri hatua inayofuata, Kamati ya Bunge Zima, na huko ndiko marekebisho yote huwasilishwa, yakiwemo yale yaliyopendekezwa na Kamati ya Fedha.

Sasa tutazame tarehe. Juni 18, siku ya maandamano ya kwanza, upande wa serikali ulitangaza baada ya mkutano wa wabunge wake Ikulu kwamba VAT ya mkate, kodi ya magari na mapendekezo mengine kadhaa yameondolewa. Siku mbili baadaye hiyo ndiyo iliyokuwa hoja kuu ya kuunga mkono: tumesikiliza wananchi, yaliyowaudhi hayapo tena. Kwa taratibu za Bunge, yalikuwapo. Ripoti ya kamati ilikuwa imependekeza yafutwe, na uongozi wa wengi ulikuwa umeahidi, lakini maandishi yaliyokuwa mbele ya wabunge Juni 20 yalikuwa yale yale yaliyochapishwa mwezi wa Mei. Mbunge aliyesema ndio siku hiyo aliukubali Mswada wenye mkate ndani yake, akitegemea kwamba mkate ungetolewa siku tano baadaye.

Sisemi kwamba alidanganya. Ni desturi ya muda mrefu kwamba marekebisho yanayoletwa na kamati, yakiwa na baraka za uongozi wa wengi, hupita. Ninachosema ni kwamba mbunge aliuza silaha yake mapema. Juni 20 ndiyo siku ambayo upande wa serikali ulihitaji kura yake zaidi, na ndiyo siku ambayo angeweza kusema: leteni kwanza Mswada uliosafishwa, ndipo niunge mkono. Alipokwisha kusema ndio kwa misingi, kilichobaki ni kujadiliana juu ya vipengele huku Mswada wenyewe ukiwa salama.

Na mjadala huo wa vipengele una masharti makali. Katika Kamati ya Bunge Zima, Spika huondoka kitini na kikao huongozwa na mwenyekiti. Kipengele kimoja baada ya kingine huitwa, anayetaka kurekebisha husimama kueleza, na swali huulizwa haraka: wanaounga mkono waseme ndio, wanaopinga waseme la. Mwenyekiti husikiliza ni upande upi ulio na sauti kubwa na kutangaza uamuzi. Mbunge wa kawaida anayekuja na rekebisho lake la kugusa ushuru hukutana pia na Kifungu cha 114 cha Katiba. Spika akiona hoja inahusu mambo ya mswada wa pesa, Bunge linaweza kuendelea nayo kwa kufuata tu pendekezo la kamati husika, baada ya kamati hiyo kuzingatia maoni ya Waziri wa Fedha. Kwa maneno mengine, nguvu ya kubadilisha ushuru mmoja mmoja imewekwa mikononi mwa watu wachache wa kamati na Hazina. Mwakilishi wa Kwale au wa Kitui anayeona kipengele kibaya anaweza kusema la. Kukiandika upya ni jambo jingine.

Kuna njia ya kuifanya sauti iwe jina. Mbunge anaweza kupinga uamuzi wa mwenyekiti na kudai kura ya mgawanyiko, na akiungwa mkono na idadi inayotakiwa na Kanuni za Kudumu, kengele hulia, waliokuwa nje ya ukumbi huitwa ndani, milango hufungwa, na kila mmoja huandikwa: ndio, la, au kujizuia. Kura za Juni 20 na Juni 25 zilipatikana kwa njia hiyo, ndiyo maana tunaweza kusema 204 na 195 bila kubahatisha. Ndiyo maana pia orodha ya majina ilisambaa kwenye simu za Wakenya usiku ule ule, wabunge wakapigiwa simu na watu wa maeneo bunge yao hadi wengine wakazima laini zao.

Tofauti na mwaka 2018 inaonyesha uzito wa jambo hili. Rais Uhuru Kenyatta alikataa kutia sahihi Mswada wa Fedha wa mwaka huo na kuurudisha akitaka VAT ya mafuta ya petroli iwe asilimia 8 badala ya 16. Wabunge wengi walikuwa wameahidi hadharani kwamba hawataki hata hiyo nane. Kikao cha Septemba 20 kiliisha kwa kelele, watu wakipiga meza na kupaza sauti, na pendekezo la Rais likapita kwa sauti. Kila mbunge aliyetaka angeweza kurudi nyumbani na kuwaambia watu wake kwamba alipinga. Hakuna karatasi ya kumsuta. Wenye magari, wenye bodaboda na mama wanaopikia mafuta ya taa walilipa asilimia ile kwa miaka, hadi 2023, bila kujua ni nani aliyeinua sauti na ni nani aliyenyamaza.

Turudi kwenye tarakimu za 2024, kwa sababu zinasema mengi. Kati ya Juni 20 na Juni 25 upande wa ndio ulipungukiwa na kura tisa. Upande wa la nao ulipungukiwa na tisa. Jumla ya waliosimama upande mmoja au mwingine ilishuka kutoka 319 hadi 301, katika Bunge lenye viti 349 bila kumhesabu Spika. Siku tano za maandamano na simu zisizokoma hazikuhamisha watu kutoka ndio kwenda la kwa wingi wa kuonekana katika jumla. Kilichoongezeka ni idadi ya wasiohesabika upande wowote, ambao Juni 25 walikaribia 50.

Wengine huenda walikuwa na sababu nzuri: ugonjwa, safari, barabara za Nairobi zilizofungwa siku hiyo. Lakini kutokuwepo nako ni kitendo cha kupiga kura, na athari yake hutegemea aina ya kura. Kifungu cha 122 kinasema jambo huamuliwa na walio wengi kati ya waliohudhuria na kupiga kura. Spika hana kura, na zikilingana, hoja imeshindwa. Kwa kipimo hicho asiyekuwepo hupunguza tu hesabu, na kambi kubwa inabaki kubwa. Mbunge aliyeukataa Mswada moyoni na akabaki hotelini aliusaidia kupita.

Kwa nini basi 195 walisimama imara huku waandamanaji wakiwa barabarani? Jibu la haraka ni kiranja. Silvanus Osoro, kiranja wa wengi wakati huo, na Kimani Ichung'wah, kiongozi wa wengi, walikuwa na kazi ya kuhakikisha watu wao wako ukumbini na hawayumbi. Chama kinaweza kumwondoa mbunge kwenye kamati aliyopangiwa, na kamati ndizo zenye safari, marupurupu na ushawishi. Juu ya hapo kuna barabara na stima zinazotegemea wizara, ambazo mbunge wa mashambani anajua zitamjenga au kumbomoa. Mwaka mmoja nyuma mambo yalikuwa yamekwenda vivyo hivyo: Mswada wa 2023 ulipata 176 dhidi ya 81 katika kusomwa mara ya pili, na 184 dhidi ya 88 mara ya tatu. Uongozi ulikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba hesabu hiyo ingerudiwa, na bungeni ilirudiwa.

Hapo linazuka pingamizi ambalo siwezi kulipita. Jina linalosomwa na mpiga kura linasomwa pia na kiranja. Tazama Dodoma. Kila Juni, bajeti ya Tanzania inapofika mwisho, wabunge huitwa majina mmoja mmoja na kila mmoja hutamka msimamo wake. Wakati huo huo Ibara ya 90 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. Mbunge anayeitwa kwa jina chini ya kivuli hicho anajua anayehesabu ni nani. Uhuru wake wa kweli hujitokeza mapema zaidi, kwenye makadirio ya wizara, anaposhika shilingi ya mshahara wa Waziri hadi apate maelezo ya maji au ya korosho. Mara nyingi huiachia baada ya maelezo, lakini kwa dakika chache Waziri amelazimika kujibu.

Pamoja na hayo, bado nasimama upande wa majina. Kiranja ana njia nyingine mia za kujua nani kaasi; yumo ukumbini, anaona nani ameketi na nani ametoka. Mwananchi wa Molo au wa Mvita ana karatasi hiyo tu. Ukimnyima, umebaki na mfumo ambamo chama kinajua na aliyempigia mbunge kura hajui.

Kilichofuata Juni 26 kinaonyesha pia mpaka wa kura zile. Rais William Ruto alitangaza kwamba hatatia sahihi, na waraka aliolipelekea Bunge ulipendekeza vipengele vyote vifutwe. Kwa Kifungu cha 115, Bunge likitaka kushikilia msimamo wake dhidi ya mapendekezo ya Rais linahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233, si walio wengi kati ya waliofika. Hata wale 204 wa Juni 20 wangepungukiwa na 29. Wale 195 wangepungukiwa na 38. Na hapa asiyekuwepo, ambaye katika kura za awali alikuwa kama aliyesaidia, angegeuka kuwa kizuizi. Mswada ukafa. Julai 5 serikali ikatangaza kupunguza matumizi kwa shilingi bilioni 177 na kukopa bilioni 169 kuziba pengo la zile bilioni 346. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imekwisha kuhesabu watu 39 waliokufa kufikia Julai 1.

Vifo hivyo ndivyo vinavyonifanya nisiridhike na hesabu za mwanzo na mwisho peke yake. Watu walikufa wakidai kusikilizwa juu ya vitu mahususi: mkate, mafuta, sodo, ada za kutuma pesa kwa simu. Hivyo vitu huamuliwa katika Kamati ya Bunge Zima, na huko ndiko kumbukumbu rasmi hutuachia neno moja tu, kwamba kipengele kimekubaliwa. Kanuni za Kudumu ni mali ya Bunge lenyewe. Hazihitaji kura ya maoni kubadilishwa. Inatosha kuandika kwamba kipengele chochote kinachoanzisha ushuru au kuongeza kiwango chake kitaamuliwa kwa majina, bila kusubiri mtu adai mgawanyiko. Wabunge watasema muda hautoshi, kwamba Mswada una vipengele vingi. Vyenye ushuru mpya si vyote, na sheria inataka Mswada wa Fedha ufikishwe bungeni kufikia Aprili 30 na upitishwe kufikia Juni 30. Ni miezi miwili, na katika miezi hiyo Kamati ya Bunge Zima inaweza kupewa zaidi ya alasiri moja.