Historia ya Kidato cha Tano na Sita: Mzalishaji Yuko Wapi?

Mwaka 1969 Ndugu Kimambo na Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichompinga mkoloni aliyedai kuwa hatuna historia. Mwaka 1981 Temu huyo huyo, pamoja na Bonaventure Swai, aliwakosoa wanahistoria wa mkondo huo: waliwatukuza viongozi na dola, uzalishaji na matabaka yakabaki pembeni. Huko ndiko kujikosoa. Lakini mwanafunzi anayetoka Mkiwa, njia panda ya Manyoni, Itigi na Singida, hukaririshwa hoja sita kuhusu manamba (saba, mwalimu akiwa mkali). Hatumwi kwa wazee wake kuuliza: nani alikwenda kwenye mkonge kutafuta fedha ya kodi, na nani alibaki akilima mtama peke yake?